Abla Aliyetoka Nje

Akikwambia mtu kuwa Abla alikuwa mkali, mwambie nenda zako. Mkali mie. Mie napiga honi taa haijawa kijani, mie nshagombana na muuza samaki mpaka samaki wenyewe wakamwonea huruma. Abla hakuwa mkali. Abla alikuwa kanyooka, na mtu aliyenyooka ukijigonga kwake unaumia wewe, kisha unarudi nyumbani unasema mkali.

Nasema "alikuwa" na mwenyewe yupo hai, yuko Riyadh kwa mwanawe, anakunywa uji na kulalamika baridi ya kiyoyozi. Kila nikimtaja ulimi unakwenda huko huko kwenye "alikuwa", na kila ukienda nasikia aibu. Sababu naijua. Ntafika.

Jina lake sitaji. Kwa watu wetu wa Jeddah, sisi tuliozaliwa huku na wazee waliotoka Unguja mwaka ule wa sitini na nne, ukisema Abla tu inatosha. Abla kwa Kiarabu cha huku ni mwalimu wa kike, na walimu wa kike wamejaa mji mzima. Lakini ukimsikia mama anamwambia mwanawe, "Kaa vizuri, Abla anapita," ujue ni yeye, na ujue mtoto keshakaa.

Alisomesha hesabu kwenye ile skuli ya serikali ya wasichana wenye vipaji, iliyomo ndani ya jumba la kale kule Balad. Skuli haina ada wala huwezi kuinunua. Wanakuja mabinti kutoka kila pembe, hata wa majumba ya Al-Hamra wanaoletwa na madereva, na wote mlango wao mmoja: mtihani wa kuandika, na ukipasi huo unaitwa juu, unakaa mbele ya walimu watatu wanakuuliza maswali kwa mdomo. Hao watatu wakisema ndio, umeingia. Wakisema mafi, hakuna yaani, halas, imekwisha.

Jumba lenyewe lilikuwa la tajiri mmoja wa biashara zamani hizo. Mawe ya matumbawe, roshani za mbao zimetobolewa tobolewa kama kofia ya mkono. Chumvi inatoka ukutani kama jasho. Kila mwaka wanapaka rangi, kila mwaka chumvi inarudi na kuwacheka. Boriti za juu hazitaki fujo, kwa hivyo hakuna kukimbia, na darasa moja likipanda, jengine linangoja chini lishuke. Abla alilipenda jumba lile kama watu wanavyopenda mzee mwenye maradhi. Akiupapasa ukuta akipita, kisha anajifuta vumbi jeupe kwenye abaya, na ubavu mzima unabaki na alama ya vidole vyake.

Alikuwa hasomeshi darasani. Akisomesha kwenye ngazi. Wasichana wote wanaanza kipandio cha chini kabisa, wamebanana, na yeye kasimama juu na chaki. Anauliza. Ukipata, vizuri, unabaki ulipo. Ukikosea, unasimama na kusema kwa sauti, "Nimekosea," na wenzako wote wanakuitikia, "Panda!" Hapo unapanda kipandio kimoja. Ndio hivyo, hukusikia vibaya. Kwake yeye mtu alipanda kwa kukiri, na yule mjuaji asiyetaka kusema neno hilo alibaki chini na paka mpaka kengele inalia. Mzazi mmoja alikuja juu kwa hasira, kwa nini binti yake wa kwanza mkoani anakaa chini. Abla akamjibu, "Hajakosea bado. Tunamsubiri."

Mie sikuwahi kukaa kwenye ngazi zile. Nazijua kwa sababu alikuwa jirani yetu, ghorofa ya juu yetu, na alinisomesha vivyo hivyo kwenye ngazi za jengo letu, alasiri, watu wanapita na mifuko ya mboga wanatusukuma. "We redio," ndivyo alivyokuwa akiniita kwa huu mdomo wangu, "zima kwanza, ndio ufikiri." Hesabu zote nnazojua, na Kiingereza nilichojifunza mwenyewe simuni baadae, mzizi wake ni ngazi zile zenye harufu ya samli na dawa ya mende. Watu wananiuliza umesoma wapi. Nasema ngazini. Wanadhani natania.

Na usidhani alikuwa malaika. Kwenye karata alikuwa mwizi, mwizi hasa! Akicheza na bibi zetu siku ya Ijumaa anaficha karata chini ya kanga, akishikwa anacheka mpaka machozi, "Nilidhani hamjaniona." Mwanafunzi akichelewa anamgeuzia saa ya ukutani aitazame kama ameiibia kitu, lakini yeye mwenyewe hajawahi kufika arusi kabla ya bwana arusi. Na kwenye kula, biryani ya mama yangu akiinusa tu anashuka na sahani yake mwenyewe.

Ila ukifika mwezi wa maswali ya mdomo, mwezi wa kuchaguliwa wanafunzi wapya, Abla alikuwa mtu mwengine. Ukimpelekea sahani ya chakula inarudi vile vile, kawa juu yake, haijafunuliwa. Unajua kwetu hiyo ni tusi gani? Sahani ya jirani hairudishwi tupu, sembuse kurudishwa imejaa! Mama yangu alilia mara ya kwanza. Mwezi ukisha, Abla mwenyewe anapita mlango kwa mlango na halua, anaomba radhi kila nyumba. "Sikukataa chakula chako, nilikataa mdomo wa watu."

Mdomo wa watu ndio uliomfanya vile. Zamani, alipokuwa bado mgeni pale skuli, aliingia binti mmoja wa kwetu. Aliingia kwa akili yake, tena nyingi. Lakini Abla alikuwemo miongoni mwa wale watatu, na mwalimu mmoja akasema mbele za watu, "Naam, mnajazana nyinyi kwa nyinyi." Basi. Binti yule alisoma miaka yake yote pale anaitwa mtoto wa Abla. Akiwa wa kwanza, ni mtoto wa Abla. Akipewa zawadi, ni mtoto wa Abla. Alikuwa akirudi nyumbani analia.

Kuanzia hapo Abla akajiwekea kanuni. Akiingia binti wa kwetu kuulizwa, yeye ananyanyuka kwenye kiti, anatengeneza mtandio, anatoka nje. Hasemi kitu. Anakwenda kusimama ngazini mpaka kwishe. "Mie mle ndani sina shangazi wala mpwa," alikuwa akisema. "Wamuulize wao, wamhukumu wao, asije mtu akamwita mtoto wangu tena."

Akatoka kwa Sauda wa jirani. Akatoka kwa pacha wa nyumba ya pembeni. Akatoka kwangu pia.

Siku yangu naikumbuka kwa soksi, maana juu kule viatu vinavuliwa na soksi yangu ilikuwa na tundu. Nimeingia, nimekaa, Abla akanyanyuka. Hakunitazama. Mlango ukafungwa nyuma yake, nikajisemea moyoni, ona mwalimu wangu alivyo na haki. Wakaniuliza. Nilijibu, wallahi nilijibu yote, hata lile swali la mapipa ya maji ambalo lina mtego katikati. Mwalimu mmoja akanitabasamia kama unavyomtabasamia mgonjwa. Majibu yakatoka, nimeshindwa. Sauda kashindwa, pacha wameshindwa, kila mwaka wa kwetu wanapasi karatasi na wanaangukia pale juu.

Mama yake Sauda akaanza kusema. Barazani, mbele ya watu: "Huyo Abla wenu anawafungia mlango watoto wa kwao. Anajipendekeza kwa Waarabu."

Mie ndio nikamrukia. Nani mwengine? "Mama Sauda, mwanao hajui saba mara nane! Usimtie Abla kwenye ujinga wa nyumba yako!"

"Mtoto mdogo we, unanijibu mie?"

"Nakujibu, na kesho ntakujibu tena!"

Nikamjibu kesho, na kesho kutwa, na miaka iliyofuata. Yeyote aliyemgusa Abla alinikuta mlangoni. Nilikuwa kama mbwa wake, na nikiona fahari.

Sasa mie kazi yangu ni kuendesha. Nna gari la watu saba, nawapeleka wanafunzi asubuhi, na mchana nawachukua kina mama wasiotaka kupanda gari na mwanamme. Mmoja wa abiria wangu ni mudira wa zamani wa skuli ile, mwalimu mkuu yaani, bibi mstaarabu, alikaa kiti kimoja cha wale watatu miaka na miaka. Namchukua nyumbani kwake Al-Hamra kwenda kwenye mazoezi ya mgongo. Mwaka huu, tumo njiani, nikamwambia kuwa Ilham, mtoto wa dada yangu, kapasi karatasi na wiki ijayo anaitwa juu.

"Mashallah," akasema. Tulikuwa tukizungumza Kiarabu. "Inshallah mwaka huu mwalimu wenu asitoke."

"Atoke vipi?"

"Kama alivyokuwa akitoka Abla wenu. Alikuwa mtu wa haya sana, Mungu amlinde. Akimwona binti wa kwenu hatoshi, hasemi vibaya juu yake. Ananyanyuka tu, anatoka. Nasi tunafahamu. Tukimuuliza binti maswali ya heshima tu, tunamwacha aende."

Nilisimamisha gari katikati ya barabara. Watu wakapiga honi, mara hii wao.

"Alitoka kwa ajili ya haki, mama! Ili asipendelee!"

Akanitazama. "Haki gani? Hakutwambia kitu. Mtu akitoka anapoingia mtoto wa kwao, wewe ungefahamu nini?"

Mie, redio, nikatia gia nikaendesha.

Na mbaya zaidi, yule binti wa kwanza, yule mtoto wa Abla, sasa ni mwalimu pale pale. Sisi tunamwita Abla Mdogo. Kiti cha Abla kakirithi yeye, na kanuni kairithi pia. Nilimwendea nyumbani kwake hasira zimenifika hapa. Akanisikiliza mpaka mwisho, mtaratibu yule, kisha akasema, "Mudira mtu mzima, pengine kachanganya. Mie nimempa Abla ahadi. Alinambia akija wa kwetu nitoke, na ntatoka. Yeye akinambia nikae, ntakaa. Lakini wewe ukinambia, dada yangu, ntasema unampigania mpwa wako."

"Nampigania, ndio!"

"Basi ona."

Kwa hivyo ilibaki kazi moja. Nimwambie Abla, na lazima kabla ya wiki kwisha. Na Abla ana kitu kimoja tu anachojivunia duniani. Hana nyumba, hana dhahabu, cheti cha shukrani walichompa alikifunikia mtungi. Ana hilo la kuwa alitoka nje. Nikimwambia, namnyang'anya. Nisipomwambia, Ilham ataingia chumba kile, kiti kitasogezwa, mlango utafungwa, na yeye atajisemea moyoni kama mie: ona mwalimu wetu alivyo na haki.

Jambo kama hili halisemwi kwa simu. Nikapanda basi.

Nilishuka Batha, kule Riyadh, na maduka ndio kwanza yanafunguliwa, wanaume wamepanga foleni kutuma pesa makwao, mie na mfuko wa visheti vya mama mkononi. Teksi ikanipeleka. Mlango alinifungulia Mwende, dada wa Kikenya anayefanya kazi nyumba ile; Abla kwake ni Shosho, bibi yaani.

"Wewe ndio ile redio?" akanicheka. "Ingia. Shosho amekungoja mpaka amekataa chai. Na umwambie aniache, tafadhali. Mimi niko na nyama kwa jiko, yeye ananiuliza mapipa matatu yakivuja nini itafanyika. Si nitapanguza tu!"

"Ulimjibu hivyo?"

"Nilimjibu hivyo. Ati akasema nipande. Nipande wapi sasa?"

Nikacheka, nikavua viatu, nikapanda.

Abla yuko chumba cha juu, kiti karibu na dirisha, kanga magotini. Kapungua. Macho yale yale. Akaniuliza mama, akaniuliza Ilham, akala visheti viwili na kuficha cha tatu chini ya mto. Kisha akaanza mwenyewe, kama aliyejua pa kunichoma.

"Unajua, nikikaa hapa peke yangu, kitu kimoja kinanipa usingizi. Hakuna mtu Jeddah nzima anayeweza kusema, tangu yule wa kwanza, nilimpitisha wa kwetu."

Nikasifia chai.

"Na Ilham hivyo hivyo. Akiingia, ataingia mwenyewe. Yule Abla Mdogo wenu nshamwambia, atoke."

Nikasema chai ina hiliki nzuri.

"We redio. Umekalia basi kutoka Jeddah kuja kunambia habari za hiliki?"

Basi nikasema. Sikupamba, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kutopamba. Nikamweleza maneno ya mudira kama yalivyotoka mdomoni kwake: binti hatoshi, anatoka, nasi tunafahamu.

Alinyoosha kanga magotini. Akaikunja. Akainyoosha.

"Kasema kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

"Walidhani nawakataa."

"Ndio, Abla."

"Wote?"

Nikainamisha kichwa.

"Na wewe? Siku yako, ulijibu?"

Hapa ndipo ningeweza kumpa kitu. Neno moja tu la uongo, sikujibu Abla, niliogopa, na angelala usiku ule. Lakini alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akinitazama ngazini.

"Nilijibu."

"Hata la mapipa?"

"Hata la mapipa."

"Nilikuwa nyuma ya mlango," akasema, taratibu. "Nimeziba masikio kwa vidole. Nisije nikakusikia unapata, nikafurahi."

Mwende akaingia na birika, akatuona, akasimama. "Shosho, nini mbaya?"

"Niletee simu, mwanangu."

Akampigia Abla Mdogo, sauti imefunguliwa, tunasikia sote. Hata salamu hakumaliza. "Wiki ijayo, akiingia binti wa kwetu, kaa kitini. Muulize kama unavyowauliza wengine, na mkali hivyo hivyo."

"Abla, si ulinambia mwenyewe..."

"Nimekosea."

Kisha kutoka huko Jeddah ikaja sauti nyembamba, ya mtu mzima aliyegeuka mtoto: "Panda, Abla."

Mie ndiye niliyepaswa kuitikia. Nilikuwa karibu naye, nimegusana na goti lake. Nikainama kuokota makombo ya visheti.

Ilham kaingia. Nalisema hapa lipite, usije ukakaa roho juu. Abla Mdogo alikaa kitini, akamuuliza mpaka mtoto akatoka jasho, na wale wengine wawili wakasema ndio. Kila asubuhi namshusha pale mlangoni, ananipungia mkono na mkoba mgongoni umemzidi, na kila asubuhi nafurahi kwa upande mmoja wa moyo tu. Upande wa pili uko kule Riyadh, chumba cha juu. Kuna bibi alikuwa akilala vizuri, na ndiyo ile "alikuwa" yangu. Na barazani kwetu kuna Mama Sauda ambaye kila ninapopita ananisalimia, na mie bado sijapata pa kuweka uso.

Lakini siku ile haikuishia kwenye simu. Basi la kurudi lilikuwa linaondoka Batha alasiri, nikanyanyuka kuaga. Nikamwambia usijisumbue, magoti hayo.

"Mgeni wangu namtoa mwenyewe," akasema. "Yalla."

Mwende akamshika mkono huu, mie mkono huu. Tukashuka kipandio kwa kipandio, naye anapumzika kila mahali, ukuta anaupapasa kwa mazoea, japo ukuta wa nyumba ile ni rangi ya mafuta na hautoi vumbi. Tulipofika chini nikambusu mkono, nikageuka kuvaa viatu. Nilipotazama tena, kakaa kitako kwenye kipandio cha chini kabisa, kanga kaibana magotini, kama wasichana wale wanapoanza.

"Shosho, hapo ni baridi," Mwende akasema. "Twende juu."

Na mie ndio nikaitikia, wakati ule, mlangoni, kiatu kimoja mkononi.

"Panda, Abla."

Akatikisa kichwa.

"Bado. Neno lile nimelisema mara moja tu, na wenzio niliowakosea ni wengi." Akasogea upande, akanipigia mkono pale pembeni yake. "Njoo ukae. Nitajie mmoja mmoja."

"Abla, basi litaniacha."

"Likuache."

Nikaweka kiatu chini. Nikakaa.

"Sauda," nikasema.